Weka thina chini kabla hujagusa kijitu cha Lego

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na watu wazima wenzetu wa Dodoma wanaokusanya vijitu vya Lego, vile vidoli vidogo vya plastiki vinavyokuja na matofali ya kuchezea, na kuvigeuza: kuvifuta picha za kiwandani, kuvipaka rangi nyingine, kuvivika nguo na kuvipa vitu vya kushika. Vijitu vingi vinavyopita mikononi mwetu kwa kubadilishana vimeharibika kwa namna zile zile nne au tano, na karibu zote chanzo chake ni kimoja: mtu ameanza na rangi kabla hajaijua plastiki. Tena vifaa vinavyofaa viko hapa hapa mjini, ila vimekaa kwenye maduka ambayo mpenzi wa vijitu hafikirii kuingia: la vipodozi, la dawa, la rangi za magari, hata kwa anayeuza vijiti vya mishikaki.

Kijitu cha Lego kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1978, miaka 20 baada ya tofali lake kuombewa hataza mwaka 1958 kule Denmark. Bila kofia kina urefu wa sentimita 4 hivi. Kwa miaka 11 ya mwanzo vyote vilikuwa na sura moja, nukta mbili za macho na tabasamu, hadi walipokuja maharamia wa mwaka 1989 wakiwa na ndevu na jicho lililozibwa. Ngozi ya njano ilichaguliwa ili kijitu kisiwe wa taifa lolote. Rangi za ngozi za watu halisi zilianza kuingia mwaka 2003. Hivi vya kununua kimoja kimoja bila kujua kilichomo vilianza 2010. Lakini linalomhusu zaidi anayeshika brashi ni kwamba tangu miaka ya 1960 tofali hutengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS, na sehemu kubwa ya kijitu ni plastiki hiyo hiyo. ABS ni ngumu, inang'aa, inavumilia maji, sabuni, na spiriti ya kupangusia. Haivumilii thina.

Mtu ana kiwiliwili chenye nembo asiyoitaka. Anakwenda kwa mpiga rangi, anamiminiwa thina kwenye kifuniko cha chupa, anafuta. Picha inatoka kweli, kwa sekunde chache, na papo hapo ngozi ya plastiki inalainika. Alama za vidole zinabaki, mng'aro unapotea, kona za mabega zinaviringika. Ubaya wa pili hauonekani siku hiyo. ABS iliyoloweshwa na thina huku imebanwa mahali, kama kwenye matundu ya mikono au pale nyonga zinapoingia, hupasuka baada ya siku kadhaa kwa nyufa nyembamba kama nywele. Asetoni hufanya vivyo hivyo, na rimuva nyingi za rangi ya kucha zina asetoni au kimiminika kingine kinachoila ABS. Rangi ya kucha yenyewe nayo inaitafuna ABS, kwa hiyo kile kichupa chenye brashi nzuri kisikushawishi. Petroli ibaki kwenye tangi la pikipiki.

Picha za kiwandani hupigwa kwa pedi laini ya silikoni inayobeba wino na kuugandamiza juu ya plastiki. Wino ule ni utando tu, haujazama ndani, na hutoka kwa kusuguliwa. Chukua dawa ya maji ya kung'arishia shaba, ile ya kikopo inayosafishia vitasa na vifungo, au dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiwe ya jeli. Tone moja kwenye pamba ya kijiti cha masikio, zungusha kwa mduara mdogo, badilisha pamba ikishakuwa nyeusi. Kiwiliwili kimoja huchukua dakika 5 hadi 10. Wino mweupe juu ya plastiki nyeusi huchukua muda zaidi kwa sababu kiwanda huupiga mara mbili mbili. Ukimaliza osha kwa sabuni mara moja, usiiache dawa ya shaba ikae. Faida ya njia hii ni kwamba mng'aro unabaki, na mng'aro huo utauhitaji sana ukifika kwenye stika. Msasa wa maji namba 2000 utumike pale tu kusugua kumeshindwa, na baada yake rudi kwenye dawa ya meno hadi plastiki ing'ae tena.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maelekezo kutoka nje hayalitaji, nalo ni maji. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvichumvi. Yeyote anayeosha sufuria anaijua ile alama nyeupe inayobaki yakikauka. Juu ya kijitu alama hiyo hukaa kati ya plastiki na rangi, rangi ikashika chumvi badala ya kushika plastiki, kisha ikabanduka kama gamba la kitunguu. Osha kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, tone la sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, halafu suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua uliyokinga au yale maji yasiyo na madini yanayouzwa kwa kuongezea betri za magari. Soma lebo kwa makini, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa za kufanana. Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Baada ya hapo shika kijitu kwa kijiti kilichochomekwa kwenye tundu la mguu, si kwa vidole. Mafuta ya vidole yanazuia rangi sawa na chumvi.

Rangi ni akriliki ya maji. Shida yake Dodoma ni ukavu. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu na upepo hautulii, rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye plastiki, na matokeo yake ni mistari ya brashi na vidonge vidonge ambavyo watu hudhani ni ubovu wa rangi. Dawa yake ni sahani yenye unyevu: tandaza sponji au tishu zilizoloweshwa kwenye mfuniko bapa, juu yake laza karatasi ya kuokea keki, weka rangi juu ya karatasi. Unyevu unapanda taratibu na rangi inabaki laini saa nzima na zaidi. Wengine huongeza glisirini ya duka la dawa ili kuchelewesha ukavu. Inasaidia, lakini tone moja kwa matone 20 ya rangi yatosha; ukizidisha, rangi inabaki inanata siku kadhaa na kila vumbi la mtaa linakuja kulala hapo.

Chujua rangi, sehemu 2 za rangi kwa sehemu 1 ya maji. Koti la kwanza litaonekana baya, plastiki ikichungulia chini yake, na hapo ndipo wengi huharibu kwa kurudia kupaka likiwa bichi. Liache nusu saa. Makoti 3 au 4 membamba yanafunika vizuri na hayazibi mikunjo ya uso wala mistari ya mkono. Brashi namba 0 kwa maeneo mapana na 000 kwa macho na vifungo. Brashi nyembamba za kuchorea kucha, zinazouzwa kwa seti kwenye maduka ya vipodozi, zinafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Fanya kazi alfajiri kabla upepo haujaamka, na kila unapoweka kijitu kikauke kifunike kwa beseni lililogeuzwa.

Praima ya plastiki, ile rangi ya msingi inayosaidia rangi nyingine kushika, inapatikana kwa wanaouza rangi za magari. Ipulizie nje, ukiwa na barakoa, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, mpigo mmoja wa haraka unaoanza kabla ya kijitu na kuishia baada yake. Ukikaribia mno, inatua ikiwa imelowa na vimumunyo vyake vinaichimba ABS. Ukiwa mbali mno, au ukipuliza saa saba mchana kwenye upepo wa joto, inakaukia hewani na kutua kama mchanga. Vanishi ya kupuliza ina ugonjwa wake wa masika: kati ya Desemba na Aprili, siku yenye unyevu, inageuka nyeupe kama maziwa. Subiri siku kavu. Na kila kopo jipya lijaribiwe kwanza ndani ya tundu la mguu, mahali ambapo hapaonekani.

Yapo maeneo ambayo rangi isiguse kabisa: kichomozo cha shingo, pini za mikono zinazoingia begani, vifundo vya viganja, ndani ya nyonga, na ndani ya kiganja. Sehemu za kijitu zimebanana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Makoti matatu ya rangi na moja la vanishi yanazidi nafasi hiyo, kwa hiyo ama mkono utagoma kuzunguka, ama utazunguka huku ukikwangua rangi yote na kuacha pete mbaya begani. Funika kwa selotepu ya karatasi au paka mafuta ya mgando kidogo hapo kabla ya kupuliza.

Sasa uso, na hapa tunaomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo vijitu vya watu wetu vinapofanikiwa au kushindwa. Usipake kichwa cha njano rangi ya kahawia kama una njia nyingine. Vichwa na viganja vya kahawia vya kiwandani vipo, viganja vinachomoka kwa kuvuta huku unazungusha, na kubadilisha viganja viwili ni kazi ya nusu dakika. Rangi iliyo ndani ya plastiki haichubuki kamwe. Kama huna budi kupaka, usichukue kahawia ya kopo ilivyo, maana hufanana na boriti iliyopakwa vanishi. Anza na kahawia, ongeza nyekundu kidogo na njano kidogo, kisha nukta ya bluu ya kuipunguza ukali. Nyeusi huifanya ngozi kuwa ya majivu. Changanya ya kutosha kichwa na viganja vyote kwa mara moja, kwa sababu mchanganyiko wa pili haufanani na wa kwanza.

Macho ya kiwandani yalibuniwa kwa ngozi ya njano: nukta nyeusi yenye chembe nyeupe ndani yake. Juu ya ngozi nyeusi nukta hiyo inapotea, uso ukabaki mtupu. Weka kwanza nyeupe ya jicho, umbo la punje ya mchele uliolazwa, isizidi milimita 2, acha ikauke, kisha nukta nyeusi kwa ncha ya pini ya kushonea, si kwa brashi. Pini hutoa duara kamili kila mara. Mwisho chembe nyeupe, macho yote mawili upande ule ule, la sivyo kijitu kinakuwa na makengeza. Midomo iwe mstari mmoja mweusi zaidi ya ngozi kwa kiasi kidogo. Nyekundu iwekwe pale tu unapomchora aliyepaka rangi ya midomo.

Kwa nguo zenye maandishi au michoro midogo, brashi haitoshi. Zinahitajika stika za maji. Hii ni karatasi maalumu yenye utando ambao ukiloweshwa unateleza na kuhamia kwenye plastiki. Kuna ya printa ya leza na kuna ya printa ya wino, na kuzichanganya ni balaa. Karatasi ya printa ya wino ikiingia kwenye leza, utando wake unaweza kuyeyukia kwenye rola ya moto na kuiua mashine ya mwenye steshenari. Ya leza kwenye printa ya wino haiharibu kitu, ila wino haukauki, unakusanyika kama maji juu ya jani la mgomba. Beba karatasi yako ikiwa na lebo yake, mwonyeshe mhudumu, na chapisha kwa kipimo halisi, asilimia 100, bila kile kitufe cha kutoshea ukurasa. Kitufe hicho hupunguza mchoro kidogo, na kwenye shati la upana wa milimita 16 kidogo hicho kinaacha ukanda mtupu kila upande. Chapisha kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kata, pima juu ya kiwiliwili.

Printa hizi hazina wino mweupe. Popote mchoro wako ulipo mweupe, stika inayopitisha mwanga itaonyesha rangi ya plastiki. Nembo nyeupe juu ya kiwiliwili cheusi haitaonekana kabisa. Chagua kiwiliwili chenye rangi unayotaka ionekane mahali pa nyeupe ya mchoro, au tumia karatasi ya stika iliyo nyeupe yenyewe na ukate ukifuata mstari, kisha upake ukingo wake kwa rangi ya nguo ili ule uzi mweupe usionekane.

Iliyochapishwa kwa wino ipulizie vanishi makoti mawili mepesi, dakika 15 kati yake, isubiri hadi kesho. Ya leza haihitaji. Kata kwa wembe mpya. Iloweke sekunde 20 hivi kwenye maji yale yale yasiyo na chumvi, itoe, ilaze kwenye tishu dakika moja hadi iteleze ukiisukuma kwa brashi. Lowesha kiwiliwili, itelezeshe, iweke sawa, kisha finya maji kwa tishu kuanzia katikati kwenda pembeni. Kona ikigoma kulala, tone la siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huilainisha. Ukiona chini ya stika pana rangi ya fedha fedha, hiyo ni hewa: uliiweka juu ya plastiki iliyofifia kwa msasa au kwa praima isiyong'aa. Ndiyo maana tulisema mng'aro utauhitaji. Pale ulipopaka rangi, pulizia kwanza vanishi ya kung'aa, weka stika, na vanishi isiyong'aa ije mwisho kabisa.

Asiyepata karatasi ya stika asikate tamaa. Maduka ya vipodozi yanauza stika za maji za kucha, na ni kitu kile kile, zinaloweshwa na kuteleza hivyo hivyo. Maua yao ya milimita 2 na 3 ni kipimo cha kitenge cha kijitu. Kitenge halisi hakifai, maana ua moja lake linafunika kiwiliwili chote. Pindo za khanga ziko pia, kwenye stika za mistari na vinukta vya pembeni.

Maka isiyofutika tunaisema kwa kifupi: inachora vizuri, halafu vanishi ya kupuliza inaukokota wino wake na mstari unakuwa wingu. Kama umeshachora kwa maka, funga kwa vanishi ya maji kwa brashi, bila kusugua.

Vitu vya kushika vinatusisimua kuliko yote, kwa sababu hapo ndipo Dodoma inapoingia. Hakuna boksi linalouzwa lenye mpiga zeze wa Kigogo, mkulima wa zabibu wa Hombolo, mama lishe, wala bodaboda mwenye fulana ya kuakisi. Watatengenezwa na sisi au hawatakuwepo. Kipimo cha kwanza cha kukariri ni milimita 3.2: huo ndio unene wa fimbo ambayo kiganja cha kijitu kinashika. Njiti ya meno ni nyembamba, inaanguka. Kijiti cha mishikaki huwa karibu milimita 3. Chagua kinyoofu, kipime, na kama kinazidi kipunguze kwa msasa namba 400, kikiwa chembamba kizungushie ukanda wa karatasi yenye gundi. Kikizidi 3.2 usilazimishe. Kiganja hakipasuki siku hiyo. Kinafunguka kidogo kidogo na baada ya wiki hakishiki chochote.

Kwa zeze, kata kijiti hicho milimita 22 ili kiwe mkono wake, kichonge ncha. Kibuyu ni nusu ya ushanga wa mti wa milimita 8, au mbegu ngumu ya mviringo uliyoikata kwa msumeno mdogo, sehemu iliyokatwa ukiifunika kwa kipande cha karatasi ya kaki iliyopakwa gundi nyeupe ya mbao, ndiyo ngozi yake. Nyuzi mbili ni uzi wa nailoni wa kushonea, si wa pamba, maana wa pamba una manyoya na kwa kipimo hiki unaonekana kama kamba ya kufungia ng'ombe. Upinde ni waya mwembamba wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme wa zamani. Kibuyu hicho kikubwa mno kwa hesabu ya urefu, lakini kijitu chenyewe ni mnene kuliko mtu, kwa hiyo kitu kikikuzwa kidogo ndipo kinapoonekana sawa. Namna ya kulishika zeze itazamwe kwenye picha za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyelipeleka zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, mbali duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Wengi wanaliweka begani kama fidla, na hapo Mgogo yeyote atakayekiona kijitu atakuuliza.

Shuka ikatwe kwenye kitambaa chembamba cha pamba, kaniki au nyekundu. Kabla ya kukata, paka gundi nyeupe iliyochujuliwa kwa maji sawa kwa sawa pande zote mbili na ianike ikiwa imelala. Ukikata mbichi, kingo zinachanika nyuzi nyuzi. Zabibu ni mbegu za mchicha. Zina ukubwa wa milimita moja hivi. Zikaange kidogo kwanza zisiote wala zisiliwe na wadudu, zibandike kwenye waya kwa gundi ya mbao tabaka kwa tabaka, zipake zambarau iliyochanganywa na nyeusi kidogo. Kilemba, ndoo ya kichwani na mzigo wa kuni vifinyangwe kwa epoksi ya sehemu mbili inayouzwa kwa kuzibia mabomba. Chukua ile ya kukauka polepole: ya dakika 5, kwa joto letu la mchana, inakuwa jiwe kabla hujakunja kilemba mara ya pili. Kichwa kipakwe mafuta ya mgando kwanza, ili kilemba kitoke kikishakauka na mwenyewe aweze kubadilisha.

Supaglu tunaiogopa karibu kama thina. Mvuke wake unatua kama ukungu mweupe kuzunguka mahali ulipogundisha, na uso uliouhangaikia saa mbili unakuwa na unga. Kama lazima, tumia tone la ncha ya pini, mbali na uso, mahali penye hewa inayopita, na usikifunike kijitu hadi kesho yake.

Vijitu vya mitumba vilivyogeuka manjano si vya kutupa. ABS nyeupe, ya kijivu na ya bluu hubadilika kwa jua na joto, na hidrojeni peroksaidi huirudisha. Ile ya asilimia 6 ya saluni, inayoandikwa voliumu 20, yatosha. Ya voliumu 40 ni asilimia 12 na inachoma ngozi. Vaa glavu na miwani. Weka sehemu zilizooshwa kwenye chupa ya kioo inayopitisha mwanga, zizamishe kabisa kwa kuziwekea kitu cha kioo juu, maana inayoelea inatoka na mistari. Mfuniko uwe legelege. Kimiminika kinatoa hewa na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. Jua la asubuhi la Dodoma, kwa muda wa saa 4 hadi 6, ukizigeuza kila saa. Usiweke sehemu zenye picha unazozipenda, za rangi ya fedha, wala vitambaa. Manjano hurudi tena baada ya muda kama kijitu kitakaa tena dirishani.

Neno kuhusu nakala. Hataza za tofali ziliisha zamani, kwa hiyo matofali ya kampuni nyingine yanayoingiliana na ya Lego ni halali. Umbo la kijitu ni jambo jingine. Ulaya limesajiliwa kuwa alama ya biashara, na mahakama kule ililithibitisha hivyo mwaka 2015. Cha asili kina jina la kampuni kwa herufi ndogo mno juu ya kichomozo cha kichwa, na kwa vingi kwenye shingo pia. Tazama kwa kioo cha kukuzia. Nakala tunazitumia kwa kujifunzia bila aibu, lakini plastiki zake hazifanani: kuna inayolainika hata kwa spiriti na kuna yenye mikono inayoanguka yenyewe. Anayegeuza kijitu na kukiuza amweleze mnunuzi kilikuwa nini na kimefanywa nini, na asibandike nembo ya Lego kwenye kifungashio chake. Kisiuzwe kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kichwa na viganja vinachomoka na vinaweza kumezwa.

Tuna maombi matatu. Kwa wauza mitumba wa Sabasaba na kwingineko: midoli ya plastiki msiifunge kwa mpira wa kufungia noti wala kuichanganya na vitu laini vya mpira ndani ya gunia moja, kwa sababu mafuta ya mpira huo hula ABS na kuacha mfereji usiofutika, na viwiliwili vyenye mikono msivivunje ili kuuza mikono peke yake, tundu la bega likishapanuka halirudi. Kwa wenye steshenari: mtu akija na karatasi ya ajabu msimfukuze, someni lebo, na kama imeandikwa ni ya leza ipitisheni kwenye njia ya karatasi nene, moja moja kwa mkono. Na kwako Mhariri: kurasa zako za watoto huwa na michoro ya kukata na kubandika. Ukituwekea mara moja moja mchoro wa shati la milimita 16, la Kigogo, la kondakta wa treni ya SGR, la mchuuzi wa soko la Majengo, kwa kipimo halisi, watu wazima tutanunua gazeti tukate.

Wakusanyaji wa vijitu,
Dodoma